Hamu si utamu: uraibu unavyoufunza ubongo

Tangu sera mpya ya taifa la Kenya kuhusu pombe na dawa za kulevya ipendekeze, Julai 2025, kwamba umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, mazungumzo ya uraibu yamejaa redioni na kwenye steji za bodaboda, kuanzia Kondele hadi Bungoma. Ndani yake limeingia neno jipya: dopamini. Mmoja anasema dopamini ni kemikali ya raha. Mwingine anawashauri vijana "wafunge dopamini" wiki nzima, kama watu wanavyofunga chakula. Wa tatu anasema hivyo vyote ni visingizio, mlevi akitaka kuacha ataacha. Maneno haya si ya kupita tu. Kuna nyumba ambamo baba mlevi hufungiwa chumbani "aache kiume", na siku ya pili anaanguka degedege. Kwa hivyo tuanze na maneno yenyewe.

Uraibu ni hali ya mtu kuendelea kutumia kitu, au kurudia tendo, ingawa linamuumiza na mwenyewe anajua linamuumiza, na kila akijaribu kupunguza anashindwa. Utegemezi wa mwili ni jambo jingine: mwili umekizoea kitu hadi kikikosekana unaugua. Kuugua huko ndiko watumiaji wengi wanakoita arosto. Na usugu ni pale kiasi cha jana kinapokuwa hakitoshi leo.

Mambo haya matatu mara nyingi huja pamoja, lakini hayalazimiki kuja pamoja. Mgonjwa wa saratani aliyepewa mofini miezi mitatu atapata arosto dozi ikikatwa ghafla, na bado si mraibu. Maumivu yakiisha, atapunguziwa polepole na hataitafuta tena. Kwa upande mwingine, kijana anayebeti usiku kucha hatetemeki wala hatapiki asubuhi, lakini ameuza pikipiki. Huyo ni mraibu. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa Marekani uliihamisha kamari mwaka 2013 na kuiweka kundi moja na pombe na dawa za kulevya, kwa sababu ubongoni mambo hayo hupita njia zile zile.

Sasa dopamini. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Zile zinazotengeneza dopamini katika ubongo wa kati ni kati ya 400,000 na 600,000 tu. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji wa Nakuru watu wapatao 570,000. Basi fikiria mji huo mmoja ukitangazia dunia kumi zilizojaa watu, na wote wanasikia. Seli hizo chache zina matawi marefu yanayofika sehemu ya ndani ya ubongo inayopima thamani ya mambo, na pia sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopanga na kuzuia. Tangazo lao linasema nini? Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na wanasayansi nao walikosea kwa miaka mingi.

Mwaka 1954, James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipachika waya mwembamba ubongoni mwa panya, kisha wakamwachia kitufe cha kujipa umeme kidogo. Panya alikibonyeza mfululizo, mamia ya mara kwa saa. Ilionekana wazi kwamba kituo cha raha kimepatikana, na baadaye ilipojulikana kuwa njia hiyo ya neva hutumia dopamini, jina likaganda: kemikali ya raha.

Kisha Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan wakafanya jaribio ambalo kila mtu anayezungumzia uraibu angepaswa kulijua. Waliharibu karibu dopamini yote ya panya kwa sumu maalumu. Panya wale wakaacha kula. Wangekufa njaa na chakula kiko mbele yao, ikabidi walishwe kwa mpira. Lakini sukari ilipodondoshwa ulimini mwao, walilamba midomo sawasawa na panya wazima. Utamu ulikuwapo. Kilichopotea ni hamu ya kuuendea.

Kwa hivyo hamu na utamu ni vitu viwili, na dopamini ni ya hamu. Ukishika hilo tu, mengi yanaeleweka. Mtu aliyevuta sigara miaka ishirini atakwambia kweli kabisa kwamba haisikii tena tamu, huku mkono unaitafuta pakiti. Hasemi uongo, wala hajipingi. Hamu imekua, utamu umenyauka.

Ushahidi kwa binadamu unatoka kwa wagonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huo hutokana na kufa kwa seli za dopamini, ndiyo maana mtu hutetemeka na kushindwa kuanza kutembea. Baadhi ya dawa zake, kama pramipexole, huiga dopamini. Kuna wagonjwa ambao hawakuwahi kucheza kamari maishani, wakapewa dawa hizo, wakaanza kucheza hadi akiba ikaisha. Daktari alipopunguza au kubadilisha dawa, kwa wengi hamu ile ikapungua. Tabia zao hazikuwa zimeharibika. Kemikali moja ilikuwa imeongezwa. (Mwenye dawa hizo nyumbani asizikate mwenyewe, amwambie daktari.) Na hapa pia ndipo shauri la "kufunga dopamini" linapoanguka. Dopamini haifungwi, kwani bila hiyo hata mguu haunyanyuki. Kuweka simu kando wiki moja ni jambo zuri, lakini kinachopungua ni vichocheo. Dopamini yenyewe iko pale pale.

Somo linavyoandikwa

Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alisikiliza seli hizi za dopamini moja moja kwa tumbili waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni seli zililipuka tone lilipofika. Taa ilipowashwa kila mara kabla ya tone, mlipuko ulihama: sasa seli zililipuka kwa taa, na tone lenyewe likapita kimya. Na taa ikiwaka kisha tone lisije, seli zilinyamaza ghafla, chini ya kawaida yake. Mwaka 1997, yeye na wenzake Peter Dayan na Read Montague walieleza maana yake: dopamini hutangaza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Kizuri kuliko nilivyotarajia, panda. Kama nilivyotarajia, tulia. Kibaya kuliko nilivyotarajia, shuka.

Ni mwalimu, kwa kifupi. Mtoto aliyeonja samaki wa kukaanga mara ya kwanza hufurahia samaki. Baada ya wiki chache anachangamka anaposikia mafuta yakichemka, kabla hata ya kuona sahani. Ubongo umejifunza ishara. Na jambo likishakuwa la kawaida, mwalimu hunyamaza, somo limeisha.

Sasa tuone dawa ya kulevya inapoingia. Mwaka 1988 Gaetano Di Chiara na Assunta Imperato walionyesha kwa panya kwamba pombe, nikotini, mofini, kokeni na amfetamini, ingawa kila moja hufanya kazi kwa namna yake, zote hupandisha dopamini katika sehemu ile ya ndani. Zinapandisha kwa nguvu ya kemikali, bila kujali kama kilichokuja kilitarajiwa au la. Chakula kikizoeleka, mwalimu hunyamaza. Pombe haimwachi anyamaze. Kila glasi inaandika tena: "hii ni bora kuliko ulivyodhani." Somo haliishi. Na kasi ina maana yake: nikotini ya moshi hufika ubongoni ndani ya sekunde kama 10 hadi 20, ndiyo maana sigara hushika mtu kuliko kibandiko cha nikotini anachobandikiwa ngozini, ambacho hutoa polepole. Miraa nayo, kwa kuwa hutafunwa, hupanda taratibu.

Hapa inafaa kueleza haya yote yalivyopimwa, kwa sababu watu huuliza, na wana haki: nani aliona dopamini ikipanda? Njia ya zamani ilichota maji ya ubongo kidogo kidogo kwa mrija, sampuli moja kila baada ya dakika kadhaa. Ni kama kuijua mvua ya Kisumu kwa kupima pipa jioni. Utajua imenyesha, hutajua ilinyesha saa ngapi wala kwa vishindo vingapi. Mlipuko wa dopamini huchukua chini ya sekunde chache.

Njia mpya ni uzi wa kaboni wa mikromita 7 hivi, mwembamba mara kumi kuliko unywele, uliotiwa ndani ya kioo kilichovutwa kwa moto hadi ncha yake ibaki uchi. Mara 10 kila sekunde, uzi hupandishwa umeme kutoka volti -0.4 hadi +1.3 na kurudishwa, safari nzima ikichukua chini ya sehemu 9 za elfu za sekunde. Umeme unapokaribia volti +0.6, dopamini iliyogusa uzi hupoteza elektroni mbili, na mkondo huo mdogo ndio unaosomwa.

Tatizo lilikuwa vitamini C. Katika maji ya ubongo vitamini C ni maelfu ya mara zaidi ya dopamini, na hupoteza elektroni karibu na volti zile zile. Kichungi cha kawaida hakisaidii, maana molekuli ya dopamini ina uzito wa 153 na ya vitamini C 176. Ni kama kutaka wavu utenganishe omena wawili wa saizi moja. Kinachowatenganisha ni chaji. Ndani ya mwili dopamini ina chaji chanya na vitamini C hasi. Basi uzi hupakwa utando mwembamba sana wa plastiki iitwayo Nafion, ambayo imejaa chaji hasi: huivuta dopamini na kuisukuma vitamini C nje. Ni bawabu anayeangalia kitambulisho, hapimi kimo cha mtu.

Kupaka kwenyewe ni kazi ya mkono mtulivu. Njia mojawapo huchovya ncha katika maji ya Nafion, hupitisha volti 1 kwa sekunde 30 ili utando ujipange, kisha huioka kwa nyuzi 70 za selsiasi kwa dakika 10. Utando ukiwa mnene, dopamini huchelewa kupenya na mlipuko wa nusu sekunde huonekana kama kilima kilicholala. Ukiwa mwembamba mno au wenye matundu, vitamini C huingia na namba zinadanganya. Na hata ukiwa sawa, protini za ubongo huganda juu yake kama ukoko kwenye birika, usikivu ukapungua. Kwa hiyo uzi hupimwa katika maji yenye dopamini ya kiasi kinachojulikana. Msomaji anayeletewa habari ya "utafiti umeonyesha" anaweza kuuliza kwanza kama uzi ulipimwa hivyo.

Kwa nyuzi za namna hii, mwaka 2003, Paul Phillips na wenzake waliona dopamini ya panya aliyezoea kokeni ikipanda sekunde chache kabla hajabonyeza kitufe. Kabla ya dawa. Na walipoiamsha dopamini wenyewe kwa umeme, panya alikiendea kitufe. Kisha mwaka 2016, Kenneth Kishida, Read Montague na wenzao wakachapisha vipimo vya binadamu: wagonjwa 17 wa Parkinson waliokuwa macho wakati wa upasuaji wa ubongo, wakicheza mchezo wa kuweka dau kwenye soko, uzi wa kaboni ukiwa ndani. Dopamini yao haikufuata faida na hasara peke yake. Ilichanganya na kile ambacho kingetokea: "ningeweka zaidi ningepata zaidi."

Kila mwenye kubeti anaujua moyo wa neno hilo "ninge". Mkeka wa timu saba, sita zimeshinda, ya saba imechana. Kwa hesabu, umepoteza kama aliyekosa zote. Lakini Luke Clark na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kukosa kwa karibu huziamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na humfanya mtu atake kuendelea ingawa mwenyewe anaona kunaudhi. Na tangu 2003 inajulikana, kutoka maabara ya Schultz, kwamba seli za dopamini hubaki zimechangamka zaidi wakati wa kungoja pale uwezekano ni nusu kwa nusu. Ndege wa mchezo wa kubeti anayepaa kwenye simu, hujui atalipuka lini, ameketi mahali hapo hasa. Mchezo huo hauhitaji kumpa mtu ushindi mwingi ili umshike.

Hapa sipendi kuona lawama zikimwangukia kijana peke yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kuzuia, hukamilika miaka ya katikati ya ishirini. Kwa hivyo umri wa 21 si mpaka ambao ubongo wenyewe unautambua. Lakini kila mwaka wa kuchelewa ni faida. Marekani, takwimu za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mara nne hivi wa kuwa tegemezi wa pombe kuliko walioanza wakiwa na 21. Si umri peke yake, kwani nyumba na urithi vimo pia: karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hutokana na urithi.

Pombe haikatwi kama uzi

Kila asafiriye Nakuru kwenda Eldoret anaijua Salgaa, na lori lililopoteza breki linachofanya pale. Ubongo nao una breki, kemikali iitwayo GABA, na una akselereta, glutamati. Pombe huikanyaga breki na kulegeza akselereta. Mtu akinywa kila siku kwa miezi, ubongo, ili uendelee kwenda, hulegeza breki zake wenyewe na kukanyaga akselereta zaidi. Ndiyo maana anaweza kubeba vikombe ambavyo vingemlaza mwingine. Sasa ondoa pombe ghafla. Breki ya nje imetoka, ya ndani imelegea, akselereta imekanyagwa hadi chini.

Mikono hutetemeka na jasho kutoka saa 6 hadi 12 baada ya kikombe cha mwisho. Hiyo ndiyo asubuhi ya "kutoa lock", na kikombe cha asubuhi hutuliza kwa sababu kinarudisha breki, si kwa sababu kinatibu. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huingia kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unakimbia. Hapo mtu anaweza kufa. Wengi husema karogwa, na saa za thamani hupotea njiani kwa mganga.

Hospitalini hupewa dawa za kundi la diazepam zinazoshikilia breki huku zikipunguzwa kwa siku kadhaa, na vitamini B1 ya sindano, ambayo walevi wengi hawana. B1 huja kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo, kwa sababu sukari nyingi ikiingia kwenye mwili usio na B1 inaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Anayempeleka mgonjwa aende na majibu haya: alikunywa mwisho saa ngapi, kiasi gani kwa siku, kama amewahi kupata degedege, anatumia dawa gani nyingine, alikula lini. Mwenye historia ya degedege asijaribu kuacha nyumbani hata kidogo.

Kuna arosto ya uongo pia. Chang'aa iliyochanganywa na methanoli haimgongi mtu mara moja; ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hiyo ndiyo inayoua mshipa wa jicho. Dalili huja baada ya saa 12 hadi 24, na hucheleweshwa zaidi kama kulikuwa na pombe ya kawaida ndani, kwa sababu ini hushughulikia ile kwanza. Kwa hivyo mtu anayesema anaona ukungu au weupe mbele ya macho, anapumua haraka, tumbo linauma, siku moja baada ya kutoka kwa mama pima, hana hangover. Ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Na ile dawa inayotiwa kwa siri kwenye chai ya mume ili achukie pombe, iachwe. Nyingi ya hizo, zikiwa halisi, ni disulfiramu. Huzuia mwili kumaliza kuivunja pombe, sumu ya katikati inajaa damuni, uso unawaka, presha inashuka, na mwenye moyo mbovu anaweza kuanguka. Dawa hiyo hufanya kazi kwa mtu anayejua ameimeza na amekubali. Ipo nyingine, naltreksoni, inayopunguza hamu yenyewe. Daktari huangalia ini kabla ya kuitoa.

Sasa lile swali la waliotoka rihabu wakarudia. Familia huona fedha zimepotea. Lakini kumbuka taa ya tumbili. Uraibu umeandikwa katika ishara: kona ile, rafiki yule, Ijumaa jioni, mlio wa M-Pesa. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam walipochunguzwa na mtafiti Lee Robins, karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini kule. Waliporudi nyumbani, wachache sana miongoni mwao waliendelea. Walibadilisha mahali pote, na ishara zote zikabaki nyuma. Kijana wetu hufanyiwa kinyume: hutolewa katika ishara miezi mitatu, kisha hurudishwa chumba kile kile, steji ile ile, simu ile ile. Kwa anayebeti, kubadilisha laini, kumwachia dada au mama kushika pesa za siku, na kulipwa kwa njia isiyopita kwenye simu yake, ni tiba na si adhabu. Kwa mnywaji, hata njia ya kurudi nyumbani isiyopita kwa mama pima ina uzito. Laini ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, hupigwa bure, na wanajua kituo kilicho karibu.

Kwa wa heroini kuna onyo moja ambalo lazima nyumba nzima ilisikie kabla hajatoka rihabu au jela. Usugu huisha haraka kuliko hamu. Baada ya wiki chache bila dawa, mwili umesahau kuihimili, lakini mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Kipimo hicho sasa kinasimamisha pumzi. Midomo ikigeuka buluu na mtu haamki, alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja, na waliomleta waseme wazi alichotumia, ili apewe naloksoni, dawa inayoipinga heroini mwilini, bila kupoteza dakika.